Msanii wa ngoma moja: nani aingie kwenye orodha, nani atolewe?

Swali: Mbukwenyi! Tuko watu kama thelathini hapa Nkuhungu, Dodoma. Mwezi ujao tunafanya usiku wa maswali ya muziki ukumbini, meza kwa meza, na raundi moja tumeiita "Ngoma Moja": wasanii waliovuma kwa wimbo mmoja tu. Orodha imeshatugombanisha. Mmoja kamweka Saida Karoli, mwingine Mr. Nice, mwingine Darassa, na mzee wetu anasema hata Patrick Balisidya aingie kwa sababu ya "Harusi". Nani anastahili, na tutumie kipimo gani ili watu wasirushiane viti?

Jibu: Mbukwa. Kwa majina hayo manne, watoeni wote. Lakini kila mmoja anatoka kwa sababu yake, na sababu hizo ndizo zitakazowapa kipimo, kwa hiyo vumilieni maelezo.

Ubishi huu umeanzia kwenye nchi zenye chati, yaani orodha ya nyimbo zinazoongoza. Marekani wana Billboard Hot 100 tangu Agosti 1958, na mazoea yao ni kumwita msanii wa wimbo mmoja yule aliyeingia 40 bora mara moja tu maishani. Waingereza, ambao chati yao ya nyimbo ilianza 1952, walikuwa wakali zaidi: upate namba moja, halafu usiingie tena kwenye chati kabisa, hata mkiani. Vipimo viwili, orodha mbili tofauti. Bendi ya Mungo Jerry ni ya wimbo mmoja Marekani kwa "In the Summertime" ya 1970, wakati Uingereza ilirudi namba moja mwaka uliofuata. Dexys Midnight Runners vilevile: Mmarekani anaijua "Come On Eileen" tu, Mwingereza alishawapa namba moja nyingine mwaka 1980.

Kipimo cha 40 bora kina faida moja: hakibishaniwi. Ubaya wake ni kwamba kinatoa majibu ya ajabu. Kwa kipimo hicho Jimi Hendrix ni msanii wa wimbo mmoja, maana yake pekee iliyoingia 40 bora ni "All Along the Watchtower", namba 20 mwaka 1968. Manu Dibango naye yumo, kwa "Soul Makossa" iliyofika namba 35 mwaka 1973. Hugh Masekela yumo kwa "Grazing in the Grass", namba moja 1968. Na Miriam Makeba yumo: "Pata Pata" ilifika namba 12 mwaka 1967, na hakuna wimbo wake mwingine uliogusa 40 bora kule.

Mtazameni huyo Makeba kwa karibu, maana tatizo lenu lote limo ndani yake. Muulizeni bibi yeyote wa Kondoa au Mpwapwa aliyekuwa na redio nyumbani. Atawaimbia "Malaika" kabla hamjamaliza kutaja jina. Chati ya Marekani haikudanganya. Imehesabu wanunuzi na redio za Marekani, na bibi wa Kondoa hayumo kwenye hesabu. Kwa hiyo mtu anaposema "fulani ni wa wimbo mmoja", swali la kwanza la kumuuliza ni: kwa wasikilizaji wa wapi?

Hapa kwetu hatuna chati ya kukimbilia. Enzi za bendi, nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kupigwa hewani. Sahani nyingi zilikuwa zikikandamizwa Nairobi. Zikaja kaseti, na kwa kila kaseti halali kulikuwa na nyingine zilizodurufiwa kibandani, ambazo hakuna aliyezihesabu. Redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990 kila moja ikawa na kumi bora yake. Tuzo za muziki za Kili, zilizoanza 1999, zinasaidia kidogo kujua nani alikuwa juu mwaka gani, ila tuzo si mauzo. Kilichobaki ni kumbukumbu ya watu, na kumbukumbu inapimika mkiipima vizuri.

Kabla ya kupima, kubalianeni mambo manne na muyaandike.

La kwanza ni mahali. Andikeni "kwa wasikilizaji wa Tanzania", na mjue kwamba ukumbi wa Dodoma una balaa lake. Tangu serikali ianze kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na kabla ya hapo UDOM ilipojaza vijana wa kila mkoa, meza moja inaweza kuwa na Mgogo wa Chamwino, Mhaya wa wizarani, Mnyamwezi fundi seremala na mtoto wa Temeke. Mhaya atawatajia nyimbo tano za Saida Karoli bila kuvuta pumzi. Mtoto wa Temeke atataja moja, na ataiita "Chambua Kama Karanga", wakati jina lake ni "Maria Salome". Wote wawili wako sahihi kwa walikotoka. Ndiyo maana kura ya kijiweni haifai: anayeshinda ni yule mkoa wake umejaa siku hiyo.

La pili ni muda. Msanii ambaye wimbo wake mkubwa haujatimiza miaka mitano asihukumiwe. Watu huwahi sana. Psy alipotoka na "Gangnam Style" mwaka 2012, dunia nzima ilimwandikia cheti cha ngoma moja, na hadi leo yumo kwenye orodha nyingi, wakati mwaka uliofuata "Gentleman" iliingia tano bora za Marekani. A-ha nao huonewa: baada ya "Take On Me" walikuwa na wimbo mwingine uliofika namba 20 Marekani na namba moja Uingereza. Akitajwa mmoja kati ya hao wawili, aliyeandaa maswali kanakili mahali bila kuhakiki.

La tatu ni jina la nani linahesabiwa. Hapa ndipo Bongo Fleva inavuruga kila kitu, kwa sababu ya kolabo na makundi. Ferooz ana "Starehe", aliyomshirikisha Professor Jay, na mtu mvivu atamwandikia wimbo mmoja. Lakini sauti hiyohiyo mliisikia kwenye kundi la Daz Nundaz. Je, nyimbo za kundi ni zake? Pendekezo langu: kama msanii aliimba beti au kiitikio, wimbo wa kundi unahesabika kumwokoa, ila hauhesabiki kumpa ngoma. Yaani aliyekuwa nyuma ya kundi hawezi kuitwa msanii wa wimbo mmoja kwa wimbo ambao si wa jina lake. Kwa kolabo, aliyealika ndiye mwenye wimbo. "Muziki" ni ya Darassa, hata kama wengi ukumbini watakachoimba ni sehemu ya Ben Pol.

Kuna na nyimbo zenye baba wawili. "Shauri Yako" hapa kwetu wengi wanaijua kwa Orchestra Super Mazembe, na Mazembe wana "Kasongo" pia, kwa hiyo hawaingii. Lakini mtunzi wake ni Nguashi Ntimbo, aliyeipiga kwanza na Festival du Zaire. Yeye, kwa ukumbi wa Tanzania, ni mgombea halali kabisa wa raundi yenu. Wimbo mmoja umewapa watu wawili hukumu mbili tofauti. Swali zuri la pointi mbili hilo.

La nne ni ukubwa wa wimbo wa pili, na hapa hisia hazitoshi, inatakiwa namba.

Chukueni watu 20 ambao hawahusiki na maandalizi wala hawatashindana. Wagaweni kwa umri, watano watano: waliozaliwa kabla ya 1970, wa 1970 hadi 1984, wa 1985 hadi 1999, na wa 2000 kuendelea. Msiwachukue wote mtaa mmoja. Soko la Majengo asubuhi, stendi ya bajaji mchana na hosteli za chuo jioni zitawapa mchanganyiko mzuri zaidi ya kijiwe chenu chote. Kwa kila msanii andaeni vipande viwili vya sekunde 12 hadi 15: wimbo mkubwa, na ule mnaodhani ni wa pili. Kateni kiitikio, na kikatike katikati ya mstari. Anayeujua wimbo ataumalizia mwenyewe, na huo ndio ushahidi. Msimuulize jina la wimbo wala la msanii, maana Watanzania wengi wanaimba mwanzo hadi mwisho nyimbo wasizojua zinaitwaje.

Wimbo mkubwa usipomaliziwa na angalau watu 12 kati ya 20, basi si mkubwa kiasi hicho. Msanii huyo hana ngoma moja, hana hata hiyo. Ukipita, tazameni wa pili, lakini mgawanyo uwe kwa wale walioujua wa kwanza tu. Mfano: 18 wameumalizia wa kwanza. Theluthi yao ni 6. Wa pili ukimaliziwa na 6 au zaidi, msanii ana nyimbo mbili, anatoka kwenye orodha. Ukipata 5, anabaki. Mkigawanya kwa 20 badala ya 18 mtawaonea wasanii wa zamani, kwa sababu vijana wasiowajua kabisa watakuwa wanashusha hesabu ya wimbo wa pili bila sababu.

Makosa yanayoharibu kipimo hiki nayajua manne. Kupiga wimbo mkubwa kwanza: sauti ya mwimbaji inabaki sikioni, na mtu anaubahatisha wa pili kwa sauti badala ya kuujua. Anzeni na wa pili, na changanyeni wasanii ili vipande vya mtu mmoja visifuatane. Kosa jingine ni kupiga utangulizi badala ya kiitikio. Midundo hufanana, hasa ikiwa imetoka studio moja mwaka mmoja. La tatu, rekodi za RTD ni za chini kwa sauti ukilinganisha na nyimbo za leo, kwa hiyo zipandisheni hadi zilingane kwa sikio, la sivyo mzee atasema haujui kumbe hajausikia. La nne ni marudio. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa "Salome" iliyojengwa juu ya ule wa Saida Karoli wa 2001. Kijana wa miaka 20 atamalizia kiitikio akiwa na Diamond kichwani. Kwa wimbo uliorudiwa, kateni ubeti wa toleo la kwanza, si kiitikio.

Mtu atawaambia: kwa nini msumbuke, YouTube si ina namba? Ina, lakini jihadharini. Ilianza 2005, kwa hiyo wimbo wa kaseti wa 2001 uliishi miaka yake mikali nje ya hesabu. Nyimbo za bendi zimepakiwa na watu kumi tofauti, kila mmoja na tahajia yake, na watazamaji wamegawanyika humo. Msanii anaweza kupoteza chaneli akaanza upya, na wimbo wake mkubwa ukaonekana mdogo. Na namba hiyo ni ya dunia nzima: Wakenya peke yao wanaweza kuubeba wimbo wa Mtanzania. Itumieni kwa kazi moja tu. Kwa msanii aliyetoka baada ya 2010, panga video za chaneli yake kwa umaarufu, gawanya watazamaji wa ya kwanza kwa wa ya pili, zote ziwe na umri unaokaribiana. Ikizidi mara 10, kuna jambo la kuchunguza. Ikiwa mara 3, acheni ubishi, ana nyimbo mbili.

Sasa turudi kwa wale wanne.

Mr. Nice hapaswi hata kupimwa. "Fagilia", "Kikulacho", "Kidali Po": mtindo wake wa Takeu ulichezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na jina lenyewe limetokana na nchi hizo tatu. Aliyemweka kachanganya ngoma moja na kuchuja. Kuchuja ni kuwa juu kwa nyimbo kadhaa halafu gemu ikakupita. Ngoma moja ni kutopanda mara ya pili. Kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote vijiweni: watu wakimkumbuka msanii kwa huzuni, wanampunguzia nyimbo. Marlaw naye huonewa hivyohivyo, kana kwamba "Pii Pii" haikufuata baada ya "Bembeleza".

Darassa kosa lake ni kilele. "Muziki" ya 2016 ilikuwa kubwa kiasi kwamba inazifunika nyingine zikaonekana vichuguu, ila "Too Much" na baadaye "Loyalty", aliyoimba na Nandy na Marioo, si nyimbo za kificho. Mlima mrefu hauondoi vilima vya pembeni yake. Mpimeni, atatoka.

Saida Karoli ndiye mwenye hoja ya kweli kati ya wale watatu wa sasa. Ukimpima Dar es Salaam pekee anaweza kubaki kwenye orodha. Lakini "Mapenzi Kizunguzungu" iko kwenye vichwa vya watu wengi wasiojua kama ni yake, na mkifuata utaratibu wa kumalizia mstari badala ya kuuliza jina, nategemea atavuka theluthi. Mkiona amekwama kwenye 5, angalieni wale 20 mmewatoa mitaa gani.

Balisidya ni habari nyingine, na ni wenu. Kazaliwa Mvumi, hapo jirani, mwaka 1946. Akiwa na Afro 70 ana "Dirishani" na "Weekend", mwaka 1977 alikwenda Lagos kwenye tamasha la FESTAC kuiwakilisha Tanzania, na 1979 alirekodi Sweden na kundi la Archimedes. Mzee wenu anayajua hayo kuliko mimi. Kilichompotosha ni kwamba "Harusi" ni wimbo wenye ajira. Kila Jumamosi kuna bibi harusi anaingia ukumbini, na MC lazima aweke kitu. Wimbo wa namna hiyo hausubiri kupendwa, unaitwa na shughuli. Miaka inapita, nyimbo nyingine za msanii zinakosa wa kuzipiga, ule wenye ajira unabaki, na wajukuu wanadhani alitunga huo tu.

Nyimbo za shughuli zipimwe peke yake: za harusi, za sikukuu, za mpira, za watalii. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, ya 1982, ni ya kundi hilohilo. Boney M. waliichukua mwaka uliofuata, hoteli za pwani zikaiajiri moja kwa moja, na mgeni anaondoka akiamini bendi ile haikuwahi kupiga kingine. Kwa nyimbo hizi pimeni na waliozaliwa kabla ya 1970 tu, maana hao walizisikia nyimbo za jirani yake zikiwa hai redioni. Kwa Balisidya sina wasiwasi na matokeo.

Jiandaeni na kwa yule atakayetaja Hukwe Zawose na muziki wa Kigogo. Mtu aliyepeleka ala za ilimba na zeze hadi majukwaa ya Ulaya hakuwa kwenye mashindano ya vibao, na ngoma ya muheme haipimwi kwa kiitikio. Si kwamba ana wimbo mmoja au sifuri. Hayumo kwenye mchezo huu, basi.

Basi nani aingie? Kwa ukumbi wa Dodoma, ningeanza na Nyanyembe Jazz ya Tabora kwa "Rangi ya Chungwa". Wazee wa Tabora watanuna, kwa hiyo mpimeni, lakini nje ya mkoa huo sioni wimbo wao wa pili ukivuka theluthi. Dogo Mfaume na "Kazi Yangu ya Dukani" namweka bila kusita. Nguashi Ntimbo nimeshamtaja. Kwa wa nje: Los del Río, ambao "Macarena" yao ilikaa namba moja Marekani wiki 14 mwaka 1996, na wengi hawajui kwamba kwao Hispania walikuwa wakiimba tangu miaka ya 1960. Lou Bega na "Mambo No. 5" ya 1999. Kevin Lyttle na "Turn Me On", ambayo kila basi la mkoani liliipiga hadi spika zikakwaruza.

Wa kutegeshea mitego ni hawa. Les Wanyika: Mzungu mkusanyaji wa sahani anaweza kuwapa "Sina Makosa" peke yake, hapa kwetu "Paulina" na "Pamela" zitawaokoa kabla kipande hakijaisha. Magic System: wenye umri watamalizia "Premier Gaou", vijana watamalizia "Magic in the Air" ya 2014, na kila upande utashangaa kuambiwa ni kundi moja. Master KG: kwa dunia ni "Jerusalema" tu, kwa Afrika Kusini alishatamba na "Skeleton Move" mwaka mmoja kabla.

Kwenye kadi za maswali msiandike "Taja msanii wa wimbo mmoja", andikeni "Kwa wasikilizaji wa Tanzania, msanii huyu anajulikana kwa wimbo gani mmoja?" Kumi wanatosha kwa raundi moja, wakizidi, ubishi unakula muda wa chakula. Na ruhusuni pingamizi, maana litakuja mkipenda msipende. Meza inayopinga isimame, iimbe kiitikio cha wimbo wa pili wa msanii huyo. Meza mbili nyingine zikidakia kabla kiitikio hakijaisha, pointi ni yao na msanii anafutwa kwenye orodha palepale. Wakiimba peke yao hadi mwisho, wakae.